Samahani kumi na moja

Jumapili, saa tano usiku

Babu amelala. Nimesimama mlangoni kwake nikisikiliza anavyopumua mpaka nikaamini kweli kalala. Baba yake naye amelala. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, chai imepoa, na kwa mara ya kwanza wiki hii hakuna mahali ninapotakiwa kukimbilia.

Babu ni mwanangu wa kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu amebeba jina la marehemu baba yangu. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Mwaka jana daktari alitupa jina la kitu ambacho mtaani kilikuwa na majina mengi: mtukutu, kadekezwa, kashindikana, mama mmoja kanisani aliniambia ni pepo. Daktari alisema ni ADHD. Ubongo wake unapata shida kushikilia jambo moja, kusubiri zamu na kuzuia mwili usiondoke kabla ya fikra. Nililia pale pale ofisini, na sikulia kwa huzuni.

Jumanne hii niliamua kuhesabu. Sijui wazo lilitoka wapi, nadhani ni uchovu. Nilihesabu kila mara nilipotamka neno samahani kwa ajili ya Babu. Ya kwanza ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa jirani ambaye ndoo yake iligeuzwa ngoma. Kwenye daladala niliomba mbili, moja kwa konda, moja kwa mzee aliyekanyagwa kiatu. Shuleni nne, kwa sababu mwalimu alikuwa na mambo manne. Dukani moja. Jioni mbili kwa simu, kwa wifi yangu, kuhusu yaliyotokea kwenye ubarikio wa Jumapili iliyopita. Ya kumi na moja nilimwomba mume wangu, kwa sababu wali uliungua nikiwa nasimamia kazi ya shule.

Zote kumi na moja niliwaomba watu wengine. Jioni hiyo hiyo nilimfokea Babu mpaka sauti ikakwama. Alitakiwa kuandika mistari mitano, penseli ikaanguka, akaenda kuangalia paka, akarudi, penseli ikaanguka tena. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanitazama, akasema taratibu, "Mama, umechoka? Basi mimi nitakaa kimya." Akakaa. Aliyabana magoti yake kwa mikono miwili ili miguu isicheze. Yule mtoto alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote ili mimi nipumzike. Hilo ndilo lililonifikisha hapa kwenye kigoda.

Tulipokwenda kliniki mara ya pili, daktari alimaliza maswali ya mtoto kisha akanigeukia. "Na wewe mama, unalala saa ngapi? Mara ya mwisho kula ukiwa umekaa ni lini?" Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Sasa naelewa kwamba alikuwa bado anamtibu Babu. Mambo aliyotufundisha nyumbani yote yanahitaji mtu aliyetulia: kutoa agizo moja moja, kumsogelea badala ya kumwita kutoka chumba kingine, kumsifu papo hapo anapofanya vizuri. Mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu, aliyekunywa chai kavu tangu asubuhi, hawezi hayo. Mimi siyawezi.

Kwa hiyo nimeanza kutua mizigo. Wa kwanza ulikuwa sukari. Kwa miaka miwili niligombana na kila shangazi aliyempa Babu pipi, maana wote waliniambia utundu wake ni wa soda. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio zuri sana: familia zililishwa kwa wiki kadhaa vyakula vyenye sukari nyingi, kisha vyenye utamu usio wa sukari, bila kuambiwa ni zamu ya kipi. Kati ya watoto hao walikuwemo ambao wazazi wao waliapa kwamba sukari inawavuruga. Haikuonekana tofauti yoyote ya maana katika tabia zao. Pipi bado nazipunguza kwa sababu ya meno. Vita na mashangazi nimeviacha, na sikujua vilikuwa vinakula nguvu zangu kiasi gani.

Mzigo wa pili ulikuwa umri wake. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2007, ulipima ubongo wa watoto wenye ADHD ukaona unakua kwa mpangilio ule ule wa watoto wengine, ila sehemu zake nyingi zinachelewa, kwa wastani karibu miaka mitatu. Ucheleweshaji mkubwa uko kwenye sehemu za mbele, zile za kupanga na kujizuia. Akili ya Babu haina shida. Muulize habari za meli utachoka wewe. Lakini ninapomtaka akae asubiri, huenda namdai mtoto wa miaka mitano kazi ya mtoto wa minane. Siku ninayokumbuka hivyo, hasira haipandi. Kazi ya shule tunaikata vipande vya dakika kumi, na siku za Jumatano na Alhamisi anaisimamia baba yake. Alipoanza nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikisikiliza kama anakosea. Nimeacha. Anakosea, na mistari inaandikwa.

Halafu kuna pantoni.

Mdogo wangu wa kike alinishika mkono mwezi uliopita akasema, "Dada, Jumamosi asubuhi niachie mtoto. Usiniachie maelekezo." Niliona ni kama kumtupa mwanangu. Nikaenda kwa sababu alinifungia geti. Nilipanda daladala ya Kivukoni bila kujua nakwenda kufanya nini, nikajikuta kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni. Nilivuka, nikarudi, nikavuka tena. Ni dakika chache tu majini, watu na baiskeli na matenga ya samaki, upepo wa chumvi, na hakuna hata mtu mmoja pale anayeniita mama fulani. Safari ya kwanza nilimpigia mdogo wangu simu mara nne. Sikufurahia chochote, nilikuwa nahesabu dakika.

Jana ilikuwa mara ya nne. Nilisimama kwenye ukingo upande wa bahari, nikanunua karanga za kuchemsha, nikazila zote peke yangu, polepole. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia bandarini na pantoni ikaisubiri ipite. Simu ilikuwa ndani ya mkoba. Nilipoitoa ilikuwa imepita saa nzima na nusu.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa amekaa barazani, kanga begani, miguu ameinyoosha. Akasema, "Kikombe chako cha bluu kimevunjika. Tumefagia." Neno lilinijia mdomoni, lile lile. Nikalimeza. Nikasema, "Asanteni kwa kufagia," nikakaa pembeni yake.

Babu akaja mbio, akasema shikamoo akiwa bado anakimbia, akauliza maswali yote kwa mpigo: meli ilikuwa na makontena mangapi, ya rangi gani, ilipiga honi, nahodha alinipungia mkono? Nilijibu nilichoweza. Nikamwambia pia kwamba Jumanne nilikosea kumfokea vile, samahani baba. Akanyamaza kidogo akichezea kifungo cha shati langu.

"Jumamosi ijayo utaenda tena?"

Nikamwambia nitaenda.

"Basi uhesabu makontena," akasema, akakimbilia uani.