Nilivyofungua nyumba ya wageni ukweni, Moshi

Niliposema nataka kufungua nyumba ya kulala wageni, kila mtu alinitajia Mlima Kilimanjaro. Tafuta wapandaji, weka picha ya Kibo sebuleni, andika bei kwa dola. Mimi nilikuwa nikiwaangalia watu wengine. Nyumba aliyoiacha baba mkwe iko Longuo, jirani na hospitali ya rufaa ya KCMC, na kila asubuhi njia ile hujaa watu wenye hotipoti na chupa za chai wakiwahi wodini. Wametoka Same, Babati, Karatu, Tanga. Hospitali hiyo inahudumia kanda nzima ya kaskazini tangu 1971, na mgonjwa mmoja huja na ndugu wawili au watatu ambao hawana kitanda. Hao ndio niliotaka kuwalaza.

Lakini mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, na hapo kazi ilianzia kwenye makaratasi. Anayeolewa Tanzania asidhani ndoa inafungua kila mlango. Kibali cha kuishi nchini kama mke wa Mtanzania hakikupi ruhusa ya kufanya kazi wala biashara. Hiyo ina vibali vyake, na mimi sikugusa shughuli kabla ya kuvipata. Ardhi nayo, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hawezi kuimiliki isipokuwa kwa uwekezaji, tena kwa utaratibu wake. Kwa hiyo nyumba ilibaki ya ukoo, jina la biashara likasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwa mume wangu, na namba ya mlipakodi na leseni ya manispaa vikafuata jina hilohilo. Wapo walioniuliza kama siogopi kila kitu kuwa kwa jina lake. Ningeweza kuomba uraia, sheria inamruhusu mke wa Mtanzania, ila ningelazimika kuukana wa Kenya, na mama yangu bado yuko Mombasa. Niliamua kukaa na vibali vyangu nivihuishe kwa wakati.

Kulikuwa na wazo la kuuza vinyago na kuwapeleka wageni Materuni kuona maporomoko. Niliachana nalo, na amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia biashara 15, kuongoza watalii na maduka ya vinyago yakiwamo, ilinithibitishia. Mgeni akitaka Materuni tunamwita kijana wa hapa mwenye leseni, naye analipwa chake moja kwa moja.

Kikao cha ukoo ndicho kilichoamua zaidi kuliko ofisi yoyote. Tulikisubiri Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, maana nyumba ya baba haigeuzwi biashara kwa simu. Shemeji zangu waliogopa jambo moja, nami niliona wana haki: neno gesti lina sifa zake, na mama yao ni mzee wa kanisa. Tukakubaliana vyumba havikodishwi kwa saa, pombe haiuzwi, kitabu cha wageni kinajazwa kila siku, na Desemba vyumba viwili ni vya familia bila malipo. Yakaandikwa, wote wakasaini, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Karatasi ile nimeitunza pamoja na leseni.

Mimi nilipanga kuwapikia wageni mahamri na mbaazi za nazi, chakula nilicholelewa nacho. Mama mkwe aliyaonja, akayasifu, kisha akaniambia, "Mwanangu, haya ya ndugu. Mgonjwa anataka mtori." Akanikalisha jikoni. Ndizi mshale zinamenywa na kuchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa mpaka zilainike, mifupa inatolewa, zinapondwa ziwe laini kabisa, ndipo unatia maziwa au siagi na chumvi kidogo. Uzito wake ni wa uji. Mama aliyejifungua anakunywa, aliyetoka upasuaji anakunywa daktari akisharuhusu. Sasa tunaupika mapema kila siku, na ndugu anaondoka na hotipoti imejaa kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Wapo wanaolala kwingine wakaja kununua mtori tu.

Wapandaji huja pia, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Januari na Februari, na wakati wa Kilimanjaro Marathon mji mzima hukosa kitanda. Nawapokea kwa furaha. Lakini Aprili, mvua zikipiga na hoteli za mjini zikipunguza wafanyakazi, vyumba vyangu vina watu, kwa sababu ugonjwa hauna msimu. Nasema hivyo kwa uzito. Mara nyingine mgeni anarudi usiku bila hotipoti na tunajua. Hapo mama mkwe huketi naye, wasali, na asubuhi mume wangu humsaidia kutafuta gari la kusafirisha mwili. Usiku huo hatuutozi.

Kinachonisumbua sasa ni ngazi. Wagonjwa wa saratani wanaokuja kwa tiba za mfululizo wameanza kulala kwetu wenyewe, na vyumba vinavyofaa viko juu. Fundi ameshapima stoo ya chini: mlango upanuliwe upitishe kiti cha magurudumu, choo kiwe humohumo, na maji ya moto yasikose, maana Julai Longuo kuna baridi kali. Shemeji mkubwa ameshakubali, saruji inaletwa wiki ijayo.