Plasmidi iliyokwama getini mwa kiini

Wiki tatu nilizipa seli zangu za misuli plasmidi, yaani kiduara cha DNA, chenye jeni ya kung'aa kijani; ziligoma kung'aa, na bila kijani hakuna kujaribu jeni ya tiba. Nikaongeza lipidi, mafuta ya kuiingiza DNA selini; zikafa. Ndipo nikaipaka plasmidi rangi nyekundu, nikachungulia kwa hadubini: DNA imeshaingia selini, imekizunguka kiini kama abiria waliofungiwa geti. Kumbe nilikuwa nabisha hodi mlango usio wenyewe! Seli isiyogawanyika haivunji utando wa kiini, na plasmidi ni kubwa mno kupenya vitundu vyake peke yake.

Nikapachika kwenye plasmidi kipande cha DNA cha jozi-besi 72 (yaani urefu wa herufi 72 za DNA) kutoka kirusi SV40. Protini za seli hukishika nje ya kiini, nazo hubebwa na impotini, protini inayopitisha mizigo kwenye vitundu vya kiini, basi DNA hudandia. Kesho yake, kijani. Si seli zote, lakini nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.