Ramani iko Tabata, mwindaji yuko Columbus

Braza yangu anaishi Columbus, Ohio, na miaka yote amekuwa akiwinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde kwenye jimbo lake hilo hilo. Mwaka huu kaamua anatoka nje ya jimbo, anataka kwenda na bunduki na anataka ardhi ya umma, siyo shamba la mtu. Ila yeye anapiga shifti ghalani, akirudi kachoka, kwa hiyo kazi ya ramani na makaratasi kaniachia mimi niliye huku Tabata. Watu wananiuliza we upo Dar unapangaje uwindaji wa Marekani? Nawajibu kwamba sehemu kubwa ya uwindaji wa namna hii unaifanya umekaa kwenye kiti, na anayeidharau hiyo sehemu anarudi mikono mitupu hata kama bunduki yake ni ya bei mbaya.

Kwanza kwa nini atoke Ohio wakati kulungu wapo hapo hapo. Ni kalenda tu. Kwenye majimbo yale ya kati kulungu wanapandana zaidi katikati ya Novemba, na kinachowaamsha ni mchana kuwa mfupi, siyo mwezi wa angani wala baridi, ndo maana kila mwaka inaangukia siku zile zile. Dume ambaye miezi mingine anatembea usiku tu anaanza kuzunguka mchana kweupe akifuata majike, hata kula anakumbuka kwa shida. Sasa Ohio wiki yao ya bunduki inaanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving (Alhamisi ya nne ya Novemba), hapo mambo yameshapoa. Missouri msimu wa bunduki wa Novemba unafunguliwa Jumamosi ya katikati ya mwezi na unakwenda siku 11, yani pale pale penyewe. Kentucky nao wanafungua Jumamosi ya pili ya Novemba.

Wengi wanaitamani Iowa kwa sababu madume ya kule ni makubwa kweli, lakini asiye mkazi anaingia kwenye droo, vibali vya wageni vya kulungu yeyote (dume au jike) ni 6,000 tu, maombi yanafungwa mwanzoni mwa Juni na unakusanya pointi za kukuongezea nafasi miaka na miaka ndo uje uitwe. Kansas nayo ni maombi, mwezi wa nne. Kwa hiyo mtu anayeanza kupanga mwezi wa tisa majimbo yote hayo mawili ashayakosa na wala hajui kama kayakosa. Missouri asiye mkazi ananunua kibali moja kwa moja, hakuna droo, tukasema hii hii. Na barabara yenyewe rahisi, kutoka Columbus unashika I-70, unapita Indianapolis mpaka St. Louis, unahamia I-44 kuelekea mji wa Rolla, ni safari ya siku moja kwa gari.

Sasa ardhi, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Kusini mwa Missouri, kwenye vilima vya Ozark, kuna msitu wa taifa unaitwa Mark Twain National Forest, kama ekari milioni 1.5 hivi, na mtu yeyote mwenye leseni na kibali anaingia kwa miguu yake anawinda. Hakuna kampuni ya kuiomba ruhusa. Sisi tumekulia Liwale, jirani kabisa na pori la akiba la Selous, tunajua kitalu cha uwindaji kinakodishwa kwa kampuni na mgeni analipa mahela mengi, we mwenyeji unayaona magari yanapita tu. Kwa hiyo nikifikiria kijana wa Liwale, mbeba maboksi, anaingia kwenye msitu wa taifa la watu na ana haki sawa na tajiri wa St. Louis, naliona ni jambo kubwa sana na sitaki alichukulie poa.

Na huo msitu kuwa na wanyama haikutokea hivi hivi. Kufikia mwaka 1900 kulungu hawa walikuwa wamewindwa kibiashara mpaka inakadiriwa Marekani nzima walibaki chini ya 500,000, leo wanakadiriwa kama milioni 30. Biashara ya nyama pori ilipigwa marufuku, misimu ikawekwa, halafu mwaka 1937 ikapita sheria ya kodi kwenye silaha na risasi, bunduki ndefu na risasi ni asilimia 11, na hela inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Braza akinunua boksi moja la risasi ameshachangia. Mi napenda sana mfumo wa hivyo, anayefaidi ndo anayelipa na hela inaonekana ilikokwenda.

Kaskazini mwa Missouri kuna mashamba ya mahindi na soya, kulungu ni wengi zaidi na wamenenepa, tatizo ardhi ya umma ni vipande vidogo na wawindaji wanabanana. Ozark kulungu wako wachache kwa eneo lakini ardhi haiishi. Tulibishana sana kwenye hili. Mimi nilisimamia Ozark, kwa sababu kulungu mmoja ambaye hajashtuliwa na mtu ni bora kuliko kumi wanaokimbizwa toka alfajiri.

Kwa hiyo usiku nakaa na bando langu, nafungua programu ya onX Hunt inayoonyesha mipaka ya ardhi, ipi ya serikali ipi ya mtu binafsi (hii siyo ya kubahatisha, kuingia kwa mtu bila ruhusa ni kosa), naweka na ramani ya mistari ya miinuko juu yake. Kitu cha kwanza nafuta kila sehemu iliyo karibu na barabara na maegesho, maana wawindaji wengi hawaendi mbali na gari. Kwenye kinachobaki natafuta migongo ya vilima, na kwenye mgongo natafuta pale panapobonyea katikati ya vilele viwili, kulungu akivuka upande huu kwenda ule anapenda kupita hapo kuliko kupanda juu kabisa. Natafuta pia mahali ubavu wa kilima unapokuwa na kibaraza cha tambarare, dume anapenda kulala sehemu ya juu ya ubavu usiopigwa na upepo, upepo unaovuka juu ya kilima unamletea harufu ya kila kinachokuja nyuma yake na macho yake yanalinda bonde lote la chini. Ndo maana kumfuata kutokea chini ni kujisumbua, na kumfuata kutokea juu atakunusa.

Upepo ndo kila kitu. Mjomba wetu Liwale alikuwa anatembea na kijifuko cha majivu, anakitikisa anaangalia vumbi linaelekea wapi ndo anapiga hatua, na nimemwambia braza abebe hicho hicho kule. Vilimani hewa ina tabia yake, asubuhi jua likishapasha ardhi hewa inapanda juu, jioni ikipoa inateremka bondeni, kwa hiyo sehemu nzuri ya asubuhi inaweza ikakuharibia jioni. Kila alama niliyoweka kwenye ramani nimeandika pembeni ni ya upepo gani na ya saa ngapi, upepo ukikataa haendi, hata kama anaona roho inamvuta. Kitu ambacho ramani hainionyeshi ni mialoni (miti ya oak), mwaloni mweupe mbegu zake hazina uchungu sana, kulungu anazila kwanza kabla ya za mwaloni mwekundu, hiyo mpaka mtu afike aangalie chini.

Sheria nimemuandikia ukurasa mmoja akae nao kwenye gari. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, anacho. Kofia na kizibao cha rangi ya chungwa kali, lazima. Anaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Kuweka chambo cha mahindi hairuhusiwi. Kuna kaunti dume lazima awe na angalau ncha nne kwenye pembe moja, kwa hiyo unaangalia vizuri kabla ya kugusa trigga. Akishapata mnyama anamsajili kabla ya saa nne usiku siku ile ile.

Halafu kuna ule ugonjwa wa kukondesha, unaitwa CWD (chronic wasting disease), uligundulika Colorado mwaka 1967, unaharibu ubongo wa kulungu na hauna tiba. Haijathibitishwa kumpata binadamu lakini ushauri ni kupima na kutokula aliyeugua. Kuna kaunti za Missouri wikiendi ya ufunguzi ni lazima kumpeleka mnyama wako akapimwe. Na kuvuka majimbo na ubongo au uti wa mgongo kunakatazwa sehemu nyingi, kwa hiyo nyama itolewe mifupa yote huko huko, iwekwe kwenye makasha ya barafu. Nimemsisitiza kabisa kisu kizuri na barafu ya kutosha ni muhimu kuliko kamera za msituni anazozitaka.

Sisi ni Waislamu, kwa hiyo kuna na hili, bismillah inasemwa wakati wa kufyatua, na akimkuta bado ana uhai anamchinja. Asipige mbali kiasi cha kubahatisha, mnyama aliyejeruhiwa akapotea ni dhulma. Nyama kuuza kule ni kosa, hatuna shida na hilo, nusu inakwenda kwa jirani zake wa Columbus, kuna familia za Kisomali na za kwetu wanaisubiri kuliko yeye mwenyewe.

Mwezi wa tatu, majani yakiwa bado hayajachipua, anakwenda kule bila bunduki kukagua alama zangu. Msitu ukiwa mtupu hivyo njia za kulungu zinaonekana wazi, na miti waliyoisugua kwa pembe msimu uliopita bado ina makovu. Atanitumia picha za kila alama, ile isiyo na kinyesi wala njia naifuta siku hiyo hiyo.