Tembo wa Mfalme Henry

Mama mdogo ndiye aliyenilazimisha nibebe sambusa. "Mwanangu, ukinunua chakula kule ndani utalia." Nikazifunga nne kwenye foili, tukapanda treni Barking na kushuka Tower Hill. Yeye akabaki nje, akaenda kukaa kando ya mto. Ameishi London miaka kumi na tisa na hajawahi kuingia Tower of London, ngome ya kale ya wafalme wa Uingereza. Nilipofika dirishani nikaelewa sababu: tiketi ya mtu mzima inazidi pauni 30. Kwa fedha zetu hiyo ni zaidi ya laki moja, na hapo hujanywa hata maji. Laki moja Iringa inanilaza gesti siku mbili, tena na chai ya asubuhi.

Nilikwenda kwa ajili ya wafalme. William, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066 akitokea Normandy, ndiye aliyeanza kujenga mnara mkubwa wa katikati, na kuta zake chini zina unene wa karibu mita nne na nusu. Ndani ya ngome hiyo ndimo walimofungiwa watoto wawili wa kifalme mwaka 1483, Edward wa miaka 12 na mdogo wake Richard wa miaka 9, wasionekane tena. Mwaka 1674 mafundi walifukua mifupa ya watoto chini ya ngazi. Nilisimama pale, nikasoma kibao, nikasogea. Foleni ya vito vya kifalme ilinila karibu saa nzima.

Kilichobadilisha siku yangu ni kunguru. Nilikaa kwenye benchi, nikafungua foili, na kabla sijatia kitu mdomoni kunguru mmoja alitua juu ya benchi lenyewe. Ni mkubwa kuliko kuku wa kienyeji, mdomo mnene kama koleo, pete ya rangi mguuni, manyoya meusi yanayong'aa buluu jua likiyapiga. Alinitazama, akachomoa sambusa moja, akashuka nayo majanini. Hakuila ovyo. Aliikanyaga kwa mguu mmoja, akachana ganda taratibu, akachagua nyama punje kwa punje, kitunguu akakiweka kando.

Mlinzi akaja mbio. Walinzi wale ni wanajeshi wastaafu waliotumikia si chini ya miaka 22, na wanaishi humo humo ngomeni na familia zao. Aliniomba kwa upole nifunge chakula changu, maana ndege wale wana posho yao: nyama mbichi, na biskuti zilizolowekwa damu. Lazima wawepo wasiopungua sita. Inasimuliwa kwamba wakiondoka, ufalme utaanguka, na kwamba amri hiyo ni ya Mfalme Charles wa Pili. Watafiti waliopekua nyaraka hawajawaona kunguru hao kabla ya karne ya 19, lakini posho inatoka kila siku.

Nikawakumbuka wa kwetu, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Dar tunawatega na kuwawekea sumu.

Nilimuuliza mlinzi kama palikuwa na wanyama wengine. Akanyoosha kidole, nikaona tembo aliyesukwa kwa nyaya. Tembo wa Afrika, yale masikio sikuweza kuyakosea. Mwaka 1255 Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alimtuma tembo kama zawadi kwa Mfalme Henry wa Tatu. Watu walimiminika kumwona. Mtawa mmoja, Matthew Paris, alikwenda kumchora, na akaandika kwamba ana umri wa miaka kumi. Mfalme akaamuru wakuu wa jiji wamjengee nyumba humo ngomeni, urefu futi 40, upana futi 20. Miaka miwili tu, akafa. Mifupa yake ikafukuliwa baadaye ipelekwe Westminster.

Miaka kumi! Huyo kwa tembo ni mtoto, bado yuko na mama yake au ndiyo kwanza anaanza kumwacha. Sijui kwa nini simulizi ya wale watoto wa kifalme ilinipita na hii ikanishika koo. Labda kwa sababu basi la kwenda Iringa linakatiza Mikumi, na tembo wanasimama pale kando ya lami, mama na watoto, na abiria nusu wamelala. Mimi mwenyewe nimelala mara nyingi.

Futi 40 ni kama mita kumi na mbili. Nikatafuta mahali penye nafasi kwenye mawe, nikapima kwa hatua: kumi na mbili kwenda, sita kukata. Nikarudia tena, polepole, kwa mwendo wa tembo. Hata hivyo ukuta ulifika upesi. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia chini ya matao, na mama mdogo akapiga simu kuuliza kama nimeshamaliza. Nikamwambia bado.