Jinsi Nilivyoipatia Kila Chupa ya Maabara Mwenyewe wa Kuiwajibikia

Nilipokabidhiwa stoo ya kemikali ya maabara yetu ya utafiti, katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nizipange chupa kwa kufuata alfabeti ya majina yao ya Kiingereza ili zipatikane upesi. Ushauri huo ningali nausikia hadi leo, na huniudhi kila mara, kwa sababu ndio uliosimamisha asidi ya hidrokloriki bega kwa bega na peroksidi ya hidrojeni, na hizo mbili zikivuja na kuchanganyika hutoa gesi ya klorini. Nilizipanga upya kwa kuangalia kipi hakipatani na kipi, kisha kila kundi nikaliweka ndani ya beseni lake la plastiki nene, la rangi yake, ili chupa ikipasuka kilichomo kisitiririke hadi kwa jirani. Mabeseni niliyanunua sokoni kwa pesa chache tu, na yamefanya kazi kubwa.

Lebo zilinisumbua zaidi. Unyevu wa pwani hubandua karatasi, na wino wa kalamu huyeyuka mara tu tone la ethanoli au asetoni linapouangukia. Nilijaribu kalamu za kila aina, hata zile zinazouzwa kuwa hazifutiki, na asetoni ilizifuta zote. Hatimaye niliandika kwa penseli ya kawaida, nikafunika maandishi kwa selotepu pana inayozunguka chupa nzima, na maandishi yale yamebaki yakisomeka kwa sababu grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, haiyeyuki katika vimiminika hivyo. Yeyote anayesimamia maabara ya pwani na aanze hapo.

Nyuma ya rafu ya chini kulikuwa na chupa ya kahawia ya etha, kimiminika chepesi kushika moto, haina tarehe, haina jina la aliyeiagiza. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi, joto ambalo stoo yetu hulikaribia mwezi wa Machi, lakini kilichonitia hofu zaidi ni kwamba ikikaa muda mrefu ikiingiliwa na hewa huzaa peroksidi, na fuwele zake zaweza kulipuka kwa msuguano wa kifuniko peke yake. Mzee mmoja wa idara aliniambia, “Mwanangu, ifungue, unuse, kisha umwage kwenye sinki.” Nilimjibu, “Niwie radhi, mzee wangu, hiyo sitaigusa.” Niliimulika kwa tochi kutoka ubavuni, nikaona chembe nyeupe zimeganda chini ya shingo. Niliwatoa watu, nikafunga mlango, nikamwarifu mkuu wa idara, na chupa haikusogezwa hadi walipofika wataalamu wa taka hatari wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ambao malipo yao yalimeza sehemu kubwa ya fedha zetu za vifaa.

Ilibainika kwamba etha ile iliagizwa na mwanafunzi aliyehitimu zamani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde waliomo, na inamtaka mfanyakazi naye ajilinde na kuwalinda wenzake. Lakini katika maabara ya chuo, kati ya hao wawili, yumo msimamizi wa utafiti anayeagiza kemikali kwa fedha za mradi wake, na yumo mwanafunzi anayezitumia kisha akaondoka. Mkutano wa idara ulipitisha kwamba usalama ni jukumu la kila mtu, tangazo likabandikwa mlangoni, na hakuna chupa hata moja iliyopata mwenyewe.

Nilipoona hivyo, niliwaendea wasimamizi mmoja mmoja, nikawaeleza habari za Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeungua Desemba 2008 kwa kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, akafariki Januari 2009, na profesa wake akafunguliwa mashtaka ya jinai. Hapo walinisikiliza. Kisha nikaomba jambo moja tu: ile fomu ambayo mwanafunzi huizungusha idara kwa idara kabla ya kuhitimu iongezewe nafasi ya saini ya stoo ya kemikali. Ombi hilo lilichukua muda mrefu kukubaliwa, na nililifuatilia kila juma bila kuchoka.

Sasa hakuna anayevaa joho akiwa ameacha chupa nyuma yake. Mwanafunzi huja na msimamizi wake, tunazipitia moja moja, na zile zinazobaki jina lake hufutwa, la msimamizi likaandikwa, kwa penseli ile ile. Etha tunanunua chupa ndogo tu, na tarehe ya kuifungua huandikwa na aliyeifungua, nikiwa nimesimama pale pale.