Shibiri Tatu na Nusu

Tulishuka Ubungo saa moja usiku, baba na mimi, tukiwa na tranka la bati, godoro lililoviringwa na mfuko wa dagaa wa Ziwa Nyasa ulionukia basi zima tangu Songea. Ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa naanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na binamu yangu alishaliona jina langu ubaoni: kitanda changu kilikuwa Mabibo Hosteli. Tulilala Manzese kwa shangazi. Asubuhi nikajua tunakwenda Mabibo moja kwa moja, lakini tulipofika kituoni baba akaniambia, "Twende Mlimani kwanza. Kuna chumba nataka kukiona."

Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa maneno machache. Kuhusu miaka yake ya chuo huko Mlimani, kwenye kampasi kuu, nilijua vitu viwili tu: kwamba alikaa darasani kumsikiliza Walter Rodney akifundisha historia, na kwamba hakupenda kuulizwa zaidi ya hapo. Nilidhani hayakuwepo mengi ya kusimulia.

Kwenye daladala alikaa dirishani, godoro kalipakata kama mtoto. Tulipoanza kupanda kilima akanyamaza kabisa. Alikuwa hajarudi pale tangu Machi 1973.

Bweni lake alilijua bila kuuliza. Chini ya ngazi kijana mmoja mwembamba mwenye kandambili alituona na mizigo, akamwamkia baba, akalinyanyua tranka langu begani kabla hatujamweleza lolote. "Chumba namba ngapi, mzee?" Baba akakitaja. Kijana akasita kidogo, akamtazama baba kuanzia viatu hadi koti, kisha akapanda mbele yetu bila neno. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa akijiuliza kama baba ni mtu wa ofisi ya mabweni.

Baba alipiga hodi. Ndani kulisikika kitu cha chuma kikisukumwa sakafuni, halafu kimya, halafu "Karibu."

Wakati huo mimi ndiyo kwanza naingia chumba cha chuo kikuu, kwa hiyo nilikiangalia kwa macho yote mawili. Vitanda viwili vya deka, kimoja kila upande, katikati nafasi ya mtu mmoja kupita. Mashati yametundikwa kwenye nondo za dirisha. Ndoo tatu za maji, zimefunikwa kwa sahani. Chini ya meza jiko la umeme lililofunikwa taulo, na taulo lilikuwa linatoa mvuke. Watu niliowahesabu walikuwa sita, na huyo aliyebeba tranka wa saba. Wote wakasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Kaeni, kaeni. Mimi nililala humu."

Hawakukaa mara moja. Mmoja akauliza, "Lini, mzee?" Baba akasema Julai 1970, na hapo ndipo walipomsogezea kiti.

Mwezi huo aliokuja ndio chuo kiliachana na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikawa chuo cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mabweni ya mlimani yalikuwa bado machanga. Miaka tisa nyuma yake, Oktoba 1961, chuo kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, wakisomea jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilima kilianza kukaliwa mwaka 1964. Kwa hiyo baba aliingia kwenye vyumba ambavyo kuta zake zilikuwa hazijachoka. Chumba kile kilikuwa cha watu wawili. Aliwaonyesha kwa mkono: kitanda changu hapa, cha mwenzangu pale, meza mbili chini ya dirisha. Shuka zilifuliwa na wafanyakazi wa chuo, chakula kililiwa kafeteria, na mwanafunzi hakulipa senti. Vijana walisikiliza kama watu wanaosimuliwa nchi nyingine. Mmoja akaguna tu: "Shuka wanakufulia!"

Kisha baba akainama akaangalia uvunguni mwa kitanda cha kulia. Godoro jembamba la sponji lilikuwa limesukumwa huko, shuka la bluu bado liko juu yake.

"Na hili la nani?"

Hakuna aliyejibu. Kila aliyesoma Mlimani miaka ile anajua kwa nini. Wanafunzi walikuwa wameongezeka, vyumba ni vilevile, na mwenye kitanda alimchukua asiyekuwa nacho akamlaza chumbani kwake. Tulikuita kubebana. Utaratibu haukuruhusu, lakini sijawahi kuona kitu cha heshima zaidi kati ya watu wasio na undugu. (Aprili 2017, Rais Magufuli alipofungua hosteli mpya za chuo, majengo 20 yenye nafasi 3,840, nilisimama mbele ya runinga nikiliwaza godoro lile na shuka lake la bluu. Nilifurahi mpaka macho yakanilenga.)

Kijana mwembamba ndiye aliyejitokeza. Akaliweka tranka langu chini, akasema, "La kwangu, mzee. Hawa wananibeba."

Baba akamtazama kwa muda. Akasema, "Hata mimi nilibeba mtu humu ndani."

Hapo ndipo nilipomsikia baba yangu akisimulia kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chini, koti bado amelivaa, akawaeleza watoto wa watu habari ambayo mimi mwanawe nilikuwa sijaijua kwa miaka 22.

Mwenzake wa chumba alikuwa Mganda, mtu wa Lira, aliyeingia mwaka mmoja kabla yake. Walikuwa na redio ndogo ya betri, wameichangia. Jumatatu ya tarehe 25 Januari 1971 waliisikia humo ndani: Idi Amin amechukua nchi, Obote akiwa nje kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola Singapore. Obote alikuwa wa kabila la Lango, na huyu mwenzake pia. Baba alisema mwenzake hakulia wala hakupiga kelele. Aliizima redio, akaiwasha, akaizima tena, mpaka usiku. Tangu siku ile hakwenda tena nyumbani likizo.

Mwishoni mwa mwaka ule mdogo wake akaja. Alikuwa amevuka mpaka kwa miguu, akapitia Bukoba, akafika mlimani na shati moja na vidonda vya miguu. Amin alikuwa anawaua askari wa kabila la Lango na la Acholi makambini, na baba yao alikuwa askari. Baba alipofika hapo akanyamaza kidogo, na kijana mmoja akainama akazima jiko kwa kidole cha mguu, polepole, mlio usisikike.

"Wote wawili walikuwa warefu," baba akasema. "Kitanda kimoja hakikuwatosha. Mimi ndiye mfupi. Nikamchukua mimi."

Akageuka, akafungua kiganja chake juu ya kitanda cha yule kijana mwenyeji, akaanza kupima upana kwa shibiri: moja, mbili, tatu, na nusu. Akaturudia. "Hivihivi. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu, miezi miwili. Mama wa kafeteria alikuwa ananiwekea mkate wa ziada, hakuwahi kuniuliza wa nani."

Kijana mwembamba akauliza aliishia wapi. Baba akasema mdogo alipata kibarua bandarini, akapanga chumba Magomeni. Mkubwa alimaliza Machi 1972. Barua zilikuja kwa muda, zikakoma.

Vijana walituandalia ugali na maharage. Tulikula watu tisa kwenye sufuria moja, wengine wamesimama, na nilipopewa nafasi ya kukaa kwenye tranka langu nilihisi nimeshakuwa mwanachuo. Tulipoaga, baba aliuchukua mfuko wa dagaa, uliokuwa wangu, akauweka juu ya meza yao. Sikusema kitu. Kijana mwembamba akatusindikiza hadi kituoni na tranka begani, akagoma kabisa kulitua njiani.

Mabibo tulifika jua likielekea kuzama. Foleni ya kupata ufunguo, sahihi, ngazi. Chumbani nilikuwa wa kwanza kufika. Baba aliliviringua godoro langu, akalitandaza, akalipigapiga vumbi la safari. Nilidhani ataketi kupumzika. Badala yake alifungua kiganja akapima: moja, mbili, tatu, na nusu.

"Panatosha wawili," akasema, akanipa mkono, akatoka kwenda kutafuta gari la Manzese.