Kitabu Kabla Hakijaisha

Wakati unaofaa zaidi wa kumweleza rafiki kuhusu kitabu ni kabla hujakimaliza. Wengi wetu tumezoea kinyume chake: tunasubiri hadi ukurasa wa mwisho, tunakifunga, kisha tunatoa hukumu kwamba ni kizuri au hakifai, na rafiki anayetusikiliza hana la kuongeza ila kuahidi kwamba naye atakitafuta. Msomaji aliye katikati ya kitabu yumo katika hali nyingine kabisa. Hajui mambo yataishia wapi, kuna watu anaowaonea huruma na wengine anaowashuku, na mara nyingi ana swali lililomkaa moyoni tangu asubuhi. Swali hilo rafiki anaweza kulitafakari pamoja naye, hata kama kitabu chenyewe hajawahi kukiona.

Kwa sasa ninasoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, maana yake ni kwamba hadithi ya watu wa pwani yetu ilisubiri karibu miaka 30 kabla ya kusomeka kwa lugha ya watu hao, na jambo hilo pekee lilinitosha kuwaandikia marafiki zangu siku niliyoipata. Nimefika mahali ambapo Yusuf, kijana aliyetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa tajiri Aziz, anafanya kazi dukani pamoja na Khalil, ambaye naye yuko pale kwa sababu ya deni la mzazi wake. Kando ya duka ipo bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye miti ya matunda na maji yanayotiririka, na Yusuf anaitamani kwa namna inayoniumiza, kwa sababu ninaanza kuhofia kwamba uzuri wa bustani hiyo ni sehemu ya kifungo chake.

Niliwatumia marafiki swali moja tu: je, baba anayemtoa mwanawe ili deni lilipike anaweza kuwa bado anampenda? Sikueleza hadithi, wala sikumsifu mwandishi. Rafiki yetu aliyelelewa Mombasa alijibu usiku ule ule, kwa maandishi marefu, akatueleza kuhusu msichana aliyeletwa nyumbani kwao kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akalea watoto wa wenyewe hadi akawa mtu mzima. Tumefahamiana naye kwa muda mrefu na hatukuwahi kulisikia jambo hilo. Rafiki mwingine, ambaye ni mwalimu wa fizikia, alitaka kujua deni lilikuwa la nini, lilikuwa kubwa kiasi gani, na kama palikuwa na mamlaka yoyote ambayo mtoto yule angeweza kuyakimbilia katika zama zile ambapo Wajerumani walikuwa wakijipenyeza bara. Ilinibidi nirudi nyuma nisome upya sura ya kwanza ili nimjibu, na katika kurudi huko niliona mambo niliyokuwa nimeyapita mbio, hasa ule ukimya wa mama yake Yusuf. Swali la mtu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja lilinifanya niwe msomaji makini zaidi.

Mwalimu huyo ana sababu ya kutajwa hapa. Tangu alipomaliza kidato cha nne hakuwa amegusa riwaya yoyote ya Kiswahili, na katika jambo hilo anafanana na watu wengi wa jiji hili la Nairobi. Sisi Wakenya tunaweza hata kukadiria umri wa mtu kwa riwaya aliyotahiniwa: aliyeisoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora darasani ni mkubwa kidogo kuliko aliyeisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Zote mbili ni kazi zinazostahili kusomwa kwa hiari. Hata hivyo tulizipokea pamoja na mwongozo, tukafundishwa kueleza muktadha wa dondoo, kuorodhesha sifa za wahusika na kuthibitisha ukweli wa kauli ya mtahini, na mtihani wa karatasi ya tatu, ile ya fasihi, ulipokwisha, wengi walizirudisha riwaya hizo shuleni wakiamini kwamba shughuli yao na hadithi imekwisha. Siwalaumu walimu, kwa kuwa wao nao hupimwa kwa alama. Ninachosikitikia ni kwamba watu wazima wenye akili na uzoefu wa maisha hukosa namna nyingine ya kuzungumzia kitabu. Ukimuuliza mtu anasoma nini, huanza kukupa maudhui na dhamira kana kwamba umemshikia kalamu nyekundu.

Ndiyo maana katika kundi letu swali la kwanza huwa ni hili: «Umefika wapi?» Halihitaji jibu la kitaalamu. Mtu anaweza kusema amefika mahali pa kuchosha, au kwamba amemchukia shangazi fulani, au kwamba amesoma aya moja mara kadhaa ndani ya matatu kutoka mtaa wa Umoja hadi mjini na bado haijamkaa. Majibu ya namna hii ndiyo yaliyomrudisha mwalimu kwenye riwaya.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa Nagona. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, ni fupi mno kiasi kwamba mtu huinunua akidhani ataimaliza kwa jioni moja, kumbe ndani yake hakuna visa vinavyofuatana kwa utaratibu tuliouzoea, na msomaji hana hakika kama anatembea katika nchi ya walio hai au ya wafu. Mmoja wetu aliianza akakwama. Angeinyamazia, ingerudi kwenye rafu, nasi tungedhani ameisoma. Badala yake alituambia waziwazi kwamba haelewi chochote, na mama mmoja katika kundi letu, muuguzi aliyestaafu, akamjibu: «Mwanangu, hata mimi niliiacha hapo hapo. Tuanze tena pamoja.» Wakawa wanasomeana kwa sauti kwenye simu, kurasa chache kwa wakati, bila haraka ya kufika popote. Sidhani kwamba wameielewa yote, na sidhani kwamba Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, aliiandika ili ieleweke yote. Lakini wote wawili wanazungumza kuhusu riwaya hiyo kama watu waliosafiri pamoja, na hakuna muhtasari wowote ambao ungewapa hilo.

Lipo pia suala la pesa, ambalo katika Nairobi haliwezi kukwepwa. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya asilimia 16, na riwaya inayotoka Dar es Salaam au Zanzibar hufika hapa kwa bei inayomfanya mtu afikirie mara mbili. Kumjulisha rafiki unachosoma basi ni kumjulisha pia kwamba nakala ipo na zamu yake itafika. Wengine wetu hutegemea vitabu kuukuu vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya jiji, ambapo mnunuzi huinama na kupekua. Wengine huenda maktaba. Rafiki yetu aliyekulia mtaa wa Kaloleni bado hupitia tawi la huko, moja ya matawi ya maktaba ya McMillan, na hutuambia kilichopo na kisichopo. Jengo kuu la McMillan, lililoko Mtaa wa Banda, lilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na Mwafrika alifungiwa nje kwa miaka mingi ya ukoloni. Ninapoona vijana wakitoka pale na vitabu, wakiulizana njiani ni nani atakayesoma kipi kwanza, ninafurahi kwa dhati.

Jambo moja ninalishikilia bila kulegea. Kumwambia rafiki ninachosoma si kumtumia faili la kitabu kilichonakiliwa kwa wizi. Mafaili hayo huzunguka sana kwenye simu za watu katika mji huu, mara nyingi yakitumwa na watu wema wanaodhani wanasaidia, ilhali mwandishi wa Kiswahili anategemea idadi ndogo ya wanunuzi, na mchapishaji anayeona nakala haziuzwi hana sababu ya kuchapisha riwaya nyingine ambayo haimo katika orodha ya mitihani. Rafiki akiniomba faili, humweleza duka lenye nakala, au humwazima yangu nikishamaliza. Kwa utaratibu huo Peponi itaenda kwanza kwa mwalimu, kwa sababu swali lake kuhusu deni bado halijapata jibu linalomridhisha, kisha kwa rafiki wa Mombasa. Nimewaomba waandike kwa penseli pembeni mwa kurasa kila mahali watakapotaka kubishana nami, na mwalimu ameshaniuliza kama nafasi hiyo itamtosha.